Kununua Nyumba Pasipo na Nguzo

Anayenunua nyumba Muscat au Dubai huuliza kwanza viyoyozi vinakula umeme kiasi gani, kwa sababu jangwani joto la Julai ndilo linalopandisha bili. Kanyabayonga, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, swali hilo lingechekesha. Mji umekaa ukingoni mwa milima ya kusini mwa Lubero, chini yake ukitandaa uwanda wa Rwindi, na usiku watu hulala na blanketi. Feni ya nini? Hata hivyo mnunuzi wa huku, sawa na wa Butembo, ana hesabu yake ya umeme, nayo ni nzito. Kwa miongo mingi parseli iliuzwa na kuta, mabati na choo. Mwanga kila mtu alijitafutia.

Butembo ilianza kukua mwaka 1928 kando ya kambi ya Minière des Grands Lacs, kampuni ya Kibelgiji ya madini. Serikali ya kikoloni nayo ilipojenga bwawa la umeme la Ruzizi mwishoni mwa miaka ya 1950, ililijenga mbali kusini, karibu na Bukavu. Baada ya uhuru ikaundwa SNEL, shirika la umeme la taifa, mwaka 1970, na Rais Mobutu akaelekeza macho Inga, kwenye mto Kongo: bwawa la kwanza 1972, la pili 1982, kisha waya wa kilomita 1,700 hivi hadi migodi ya shaba ya mkoa wa Shaba, yaani Katanga, ukipita juu ya vijiji visivyo na balbu hata moja. Mkoa huo ulikuwa na wa kuutetea Kinshasa. Wafanyabiashara Wanande wa Butembo, pamoja na kahawa yao, mboga zao na dhahabu yao, hawakuwa na mtu wa namna hiyo, na huenda wengi wao hawakumtaka.

Basi wakanunua jenereta. Ukisikia mngurumo nyuma ya ukuta jioni ulijua mwenye nyumba amefanikiwa, au ana mgeni. Lakini mashine ndogo ya petroli hutoa uniti moja au mbili tu kwa lita, na petroli ya Butembo husafiri kwa lori kutoka bandari za Bahari ya Hindi kupitia Uganda, ikilipa ushuru na barabara mbovu njiani. Kwa bei hiyo hakuna aliyeiacha ikiwaka usiku kucha. Iliwashwa kwa saa mbili tatu, za taarifa ya habari, pasi na kuchaji simu, kisha ikazimwa. Jirani maskini alibaki na kibatari au mshumaa. Chakula hakikuingia katika hesabu hiyo kabisa: maharagwe na bugali viliivia kwenye mbabula ya makala, na mpaka leo, hata penye mita, makala hayajaondoka jikoni.

Wafanyabiashara hao hao walijaribu kutoka humo kwa pamoja. Waliunda SENOKI, kampuni iliyokusudia kupata umeme kwa maporomoko ya mito ya jirani. Mji uliozoea kujichangia kazi ambazo kwingine ni za serikali uliona hili nalo linawezekana. Ila bwawa hudai mtaji wa miaka na amani ya miaka, na mradi ukakwama.

Mlango ulifunguka kwa sheria ya Juni 2014 iliyoondoa ukiritimba wa SNEL. Hapo hifadhi ya wanyama ikawa muuza umeme. Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilikuwa imekwisha kuwasha mtambo mdogo wa umeme wa maji Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mwaka 2013. Matebe, wa megawati 13.8, ukafuata Rutshuru Desemba 2015. Kwa upande wa Lubero na Butembo ulijengwa mtambo wa Luviro, wa zaidi ya megawati 14. Wateja wake wa mwanzo walikuwa wa ajabu kidogo: makontena yaliyojaa kompyuta za kuchimba bitkoin, zilizoanza kazi Septemba 2020. Maji yalikuwa yanapita, nyaya za kufikia nyumba zilikuwa bado, na hifadhi iliyopoteza watalii kwa vita na korona ilihitaji fedha. Hesabu yake inaeleweka. Mama wa Butembo anayenunua mishumaa ana haki ya kuiona vingine.

Wakati huo paneli za sola zilikuwa zimeshapanda mapaa. Bei yake hulipwa mara moja, isipokuwa betri, ambayo huchoka baada ya miaka michache na kudai nyingine. Paneli zina sifa moja ambayo nguzo ya umeme haina. Waasi wa M23 walipoiteka Kanyabayonga tarehe 28 Juni 2024, maelfu walikimbilia kaskazini. Paneli ndogo hushuka kutoka paani na kufungwa juu ya pikipiki. Mita hubaki ukutani.

Kwa hiyo, nguzo zikiwa karibu na nyumba moja na mbali na nyingine, parseli mbili za Butembo zenye ukubwa sawa si lazima ziwe za thamani moja. Mnunuzi makini hupima hatua kutoka nguzo ya mwisho hadi mlangoni, kwa kuwa waya mrefu ni gharama, na ukizidi urefu balbu huwaka kwa unyonge na friji hushindwa kuanza. Hutazama kama mita ya kulipia kabla ipo, na imeandikwa jina la nani. Kama haipo, huhesabu ada ya kuunganishwa, waya na fundi, kisha hurudi kwa muuzaji kujadili bei.