Sharifu Asiyeandikwa Jina

Ndugu msomaji, sikiliza kisa hiki, kisha ukipime mwenyewe.

Tarehe 10 Aprili 1591 merikebu tatu za Kiingereza ziling'oa nanga Plymouth kwenda Bara Hindi. Moja ilirudishwa na wagonjwa ilipofika Rasi ya Tumaini Jema. Ya pili ilipotea katika tufani. Ya tatu, Edward Bonaventure, nahodha wake James Lancaster, ilifika Unguja, ikakaa hadi Februari 1592.

Tumeyajuaje haya? Ni kwa kazi ya kasisi mmoja wa Kiingereza, Richard Hakluyt. Yeye hakuwa baharia, bali aliwauliza mabaharia, akaandika na kuchapisha ili watu wa kwao wasome. Safari moja alikwenda maili 200 kumsikiliza mzee aliyekuwa amesalia peke yake katika msafara wa mwaka 1536. Kitabu chake kilitoka 1589, kikatoka tena, juzuu tatu, baina ya 1598 na 1600. Humo mna habari za Unguja, alizoziandika Hakluyt kutoka kinywani mwa Edmund Barker, msaidizi wa Lancaster.

Barker analalamika kwamba Wareno waliwasingizia Waingereza kwa wenyeji, wakasema ni wala watu. Kisha, bila ya kuona haya, aeleza kuwa wao walikamata chombo kilichomchukua sharifu mmoja, wakamzuia, na mfalme wa Unguja akawapa chakula cha miezi miwili ili aachiwe. Asema walimtendea kwa adabu.

Hayo ni maneno ya aliyekamata. Je, aliyekamatwa angesemaje? Alikuwa nani, mwana wa nani? Aliporejea kwake aliwasimulia nini wanawe? Jina la merikebu limehifadhiwa, na la nahodha pia. La sharifu halimo.

Tusimlaumu Hakluyt, yeye aliwatimizia watu wake haki yao. Visome vitabu kama hivyo, vina faida kubwa. Lakini visome kama kadhi mwadilifu, asiyekata shauri kwa kumsikiliza upande mmoja.

Na wewe je? Huenda nyumbani kwako yumo mzee aliyesafiri kwa jahazi, anayezijua pepo na bandari. Kumfikia hakutaki maili 200. Yuko hapo mkekani. Nenda kamwulize leo, uandike asemayo, na usisahau kuandika jina lake.