Gia Nne za Mjomba

Miaka ya 80 mjomba alibeba abiria kati ya Kitale na Bungoma kwa Peugeot 504, gari la gia nne. Ndiyo aina iliyomshindia Ove Andersson mbio za Safari Rally mwaka 1975. Betri ikifa pale Kamukuywa, abiria walishuka wakasukuma, mjomba akaachilia klachi, safari ikaendelea.

Miaka ya 90 Kenya ilifungua soko, mitumba ya Japani ikamiminika, mingi otomatiki. Hizo ukisukuma haziwaki. Siku hizi gari lililozidi miaka 8 haliingii nchini, lakini yaliyoingia zamani bado yanauzwa, na giaboksi ya otomatiki ikichoka, bei yake inauma.

Mimi niliacha chuo, nina akiba ya gari moja kuukuu. Nilitaka otomatiki. Mjomba akauliza, “Leseni yako gani?”

“B1.” Otomatiki pekee.

“Mpwa wangu, mwenye pikapu ya mahindi akikuita utamwambia nini?”

Sikuwa na jibu. Nimerudi darasani kusomea B2, ingawa namwona mjomba akisugua goti la kushoto, lile la klachi.