Kivumbasi: Mmea wa Njiani kati ya Jinja na Mbale

Ye yote aliyepata kusafiri kutoka Jinja hadi Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi amekwisha kupishana na kivumbasi mara nyingi bila ya kukitambua. Huota kandokando ya njia, katika mashamba yaliyoachwa na nyuma ya majiko. Shina lake ni la pembe nne, majani yake yana meno kama ya msumeno, na maua yake madogo meupe-meupe hupangana juu ya kikonyo kirefu. Ukilifikicha jani, pua hupata harufu ya karafuu. Katika masoko yetu wauzaji hukiita mujaaja, kwa Kiganda. Wataalamu hukiita Ocimum gratissimum tangu Linnaeus alipokiandika mwaka 1753, na neno lile la pili maana yake ni "cha kupendeza mno". Tusikichanganye na mrehani, ambao ni ndugu yake wa bustanini.

Kazi yake kubwa tangu zamani ni kupambana na wadudu. Mwaka 1952, bwawa la Owen Falls lilipokuwa likijengwa, serikali ilimwaga DDT katika mto Nile pale Jinja ili kuwaangamiza inzi wadogo weusi wanaouma, ambao Waingereza nao waliwaita kwa jina la kienyeji, mbwa. (Mwanafunzi wa Kiswahili asidhani ni mbwa wa kubweka.) Huko mtoni palikuwa na fedha, mapipa na wataalamu. Nyumbani, mbu wa usiku waliachiwa akina mama, nao walikuwa na kivumbasi: matawi mabichi yalitupwa juu ya makaa na moshi wake ukajaza chumba. Ujuzi huo ulichelewa kuingia maabarani. Mwaka 1973 G. B. White alichapisha katika jarida la utabibu la Afrika Mashariki uchunguzi wake juu ya mimea ya jamii hii inayotumiwa kufukuzia mbu. Mwaka 1990 watafiti wa kituo cha ICIPE, Nairobi, wakiongozwa na Ahmed Hassanali, walionyesha kwa nini wakulima huchanganya majani yake na nafaka ghalani: yamo mafuta ya eujenoli, yale yale ya karafuu, na fukusi wa mahindi huyakimbia. Basi pua ya bibi zetu, iliyosema "karafuu", haikukosea.

Kwa upande wa maradhi, majani yake hutiwa katika chai kwa ajili ya tumbo lililovurugika, na mvuke wake huvutwa na mwenye mafua au kikohozi. Lakini ni nani aliye na haki ya kuyaita majani hayo dawa? Hapo ndipo historia ya Mbale inapotufaa.

Semei Kakungulu, aliyeuanzisha mji huo mwanzoni mwa karne ya 20, alijiunga na dini ya Malaki Musajjakawa na Joswa Kate Mugema, iliyoanza mwaka 1914. Wafuasi wake walikataa dawa za kila namna, za daktari na za miti pia, kwa kuwa mponyaji ni Mungu peke yake. Kakungulu alijitenga nao mwaka 1919 na kuifuata dini ya Kiyahudi. Kwa watu hao kikombe cha mujaaja kilichonywewa kwa nia ya kupona kilikuwa na kosa lile lile la sindano ya hospitali. Wengine walikosea kwa upande mwingine, wakaiona kila dawa ya majani kuwa ni uchawi. Tulipokuwa wanafunzi tuliwahi kusikia maneno hayo darasani, ingawa Sheria ya Uchawi ya Uganda ya mwaka 1957 ilisema waziwazi kwamba kutengeneza na kuuza dawa za kienyeji kwa nia njema si uchawi. Mwalimu wetu hakuwa ameisoma. Mwaka 2019 ikapatikana sheria maalumu ya tiba za asili.

Wala hatupendi kukisifu kivumbasi kupita kiasi chake. Mtoto wetu aliposhikwa na homa, tulimnywesha chai ya mujaaja usiku wa kwanza, na wa pili pia, tukifurahi kila alipotokwa na jasho. Asubuhi ya tatu hakuweza kuketi. Hospitalini damu yake ilipimwa, ikaonekana malaria, akapewa dawa na akapona. Lakini mganga alituuliza siku mbili zile tulikuwa wapi, nasi hatukuwa na jibu. Moshi wa kivumbasi humzuia mbu asiingie chumbani. Vijidudu vya malaria vilivyokwisha kuingia katika damu havifukuzwi kwa chai.

Kijiti kimoja bado kipo nyuma ya jiko letu. Jioni tunakichoma, kisha tunashusha chandarua.