KASHMIR: ARDHI ILIYOUZWA PAMOJA NA WATU WAKE



Ndugu yangu katika imani, Kashmir ikitajwa kwenye habari tunasikia risasi na mpaka tu. Leo tuijue historia yake, kwani ina funzo kwetu.

Kashmir ni bonde lililo kati ya milima ya Himalaya. Mji wake mkubwa, Srinagar, uko kando ya mto Jhelum. Uislamu ulienea huko karne ya 14, na miongoni mwa walinganiaji mashuhuri alikuwa Sayyid Ali Hamadani, kutoka Hamadan huko Iran. Wenyeji husimulia kuwa alifuatana na mafundi, na hadi leo shali za sufu za Kashmir zinasifika duniani.

Zingatia hili. Zama za Sultan Sikandar, Wahindu walidhulumiwa na wengi wakakimbia. Mwanawe, Zain-ul-Abidin, aliyetawala kuanzia 1420 hadi 1470, akawarudisha na kuwaacha waabudu kwa dini yao. Wakashmiri wakamwita Budshah, mfalme mkuu. Kilichompa jina hilo ni uadilifu.

Mwaka 1846 Waingereza, baada ya kuwashinda Masingasinga vitani, walimkabidhi Gulab Singh nchi hiyo kwa rupia milioni 7.5. Mashamba, mito na watu, vyote vikapigwa bei. Nani aliyemuuliza mkulima?

Mwaka 1947 Waingereza wakaondoka, zikazaliwa India na Pakistan. Mtawala wa Kashmir alikuwa Hari Singh, kitukuu wa Gulab Singh. Yeye Mhindu, raia wake wengi Waislamu. Wapiganaji wa makabila walipoingia kutoka Pakistan, akatia saini kujiunga na India. Vita vikazuka. Mwaka 1948 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilisema wananchi wapige kura waamue wenyewe. Mapigano yakasitishwa 1 Januari 1949, nchi ikabaki imegawanyika. Kura ile haijapigwa mpaka leo. Agosti 2019 India ikaiondolea sehemu yake hadhi maalumu iliyokuwa nayo kikatiba, na mara hii pia wenyeji hawakuulizwa.

Sasa tuwe wakweli. Mwaka 1990 familia nyingi za Wahindu wa bonde hilo, wanaoitwa Mapandit, zilikimbia makwao kwa hofu baada ya wenzao kuuawa. Hiyo nayo ni dhuluma. Huwezi kulia kwa ajili ya Muislamu aliyeporwa haki yake, kisha ukamnyamazia Mhindu aliyefukuzwa nyumbani kwake. Allah ametuamrisha uadilifu hata kwa tunaowachukia.

Basi, ndugu yangu, hasira ya Kashmir usiimalizie kwa Mhindi mwenye duka mtaani kwako, ambaye pengine babu yake alitoka Gujarat na yeye hajawahi hata kuiona Kashmir. Waombee dua waliodhulumiwa, sema haki yao bila kuogopa, na jirani yako mpe salama yake. Hiyo ndiyo njia ya Budshah.

Allah awaondolee dhiki watu wa Kashmir na atujaalie kuwa waadilifu. Aamin.

Wafikishie na wengine.