Escort: Gari Lililoshinda Mara Mbili, na Jumuiya Iliyovunjika Katikati

Ndugu msikilizaji, kule kwetu Mpepai, wilayani Mbinga, mtoto wa rika langu alijua kusukuma gari kabla hajajua kulipanda. Masika yakikolea, lori la kahawa lilizama kwenye udongo mwekundu hadi ekseli, nasi watoto tukaitwa tuungane na wakubwa. Mjomba wangu alikuwa na msemo wake, kila mwaka ule ule: "Hapa hata Mikkola angeshuka asukume!" Wakubwa walicheka. Mimi nilidhani Mikkola ni dereva fulani wa Songea.

Nilipoingia katika kazi hii ya utangazaji ndipo nikajua kwamba Hannu Mikkola alikuwa Mfini, na kwamba mjomba alilisikia jina lake redioni siku za Pasaka, mwaka 1972. Leo nataka tuzungumze habari za gari aliloliendesha, maana ndani ya historia ya gari hilo la Kiingereza imo historia yetu sisi wenyewe.

Gari lenyewe ni Ford Escort. Lilitoka mwaka 1968, likaundwa Halewood, karibu na Liverpool, likiwa gari dogo la mtu wa kawaida, la kwendea kazini na kupelekea watoto shule. Lakini Ford walikuwa na karakana yao ya mashindano huko Boreham, katika jimbo la Essex, na mafundi wa huko waliona jambo ambalo wengine hawakuliona: bodi ni nyepesi, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na kila kifaa kinafikika kwa spana bila taabu. Mwaka 1970 Mikkola na mwenzake Gunnar Palm waliliendesha Escort kutoka London hadi Mexico, safari ya kilomita zipatazo 26,000, wakawa wa kwanza. Mwaka huo huo ikatoka Escort RS1600, yenye injini ya vali 16 iliyobuniwa na kampuni ya Cosworth. Ukiitazama nje ni gari la karani. Ukiisikia ikiunguruma, utajua si la karani.

Hata hivyo, kushinda Ulaya na Mexico ni jambo moja, na kushinda Afrika Mashariki ni jambo jingine. Mashindano yetu yalianza mwaka 1953, wakati wa ukoloni, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakizunguka Ziwa Victoria. Mwaka 1960 jina likabadilishwa, yakaitwa East African Safari. Hapakuwa na uwanja wala uzio. Uwanja ulikuwa barabara zetu zile zile, zaidi ya kilomita 5,000 za vumbi, mawe na tope, na ng'ombe wakivuka watakavyo. Mwaka 1963 magari 84 yalianza. Yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena.

Wenyeji ndio waliotawala. Mwaka 1955 Vic Preston alishinda kwa Ford Zephyr, na mwaka 1964 Peter Hughes akashinda kwa Ford Cortina, magari ya Kiingereza yote mawili. Mwaka 1965 ikawa zamu ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho. Miaka ya 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiendesha Peugeot 404. Madereva mashuhuri wa Ulaya walikuja kila mwaka na kurudi kwao mikono mitupu. Kwa miaka 19 hakuna aliyetoka ng'ambo akashinda.

Hapo ndipo tunapofika Pasaka ya 1972. Mashindano yalianzia Dar es Salaam, mji wetu. Mafundi wa Boreham walikuwa wamejifunza. Waliiongezea Escort uimara wa bodi, wakaipa springi na shokapu za kuhimili mashimo, na bamba nene chini ya kuikinga injini isipasuliwe na mawe. Mikkola na Palm wakashinda. Wa pili alikuwa Sobiesław Zasada wa Poland na Porsche yake. Wa tatu, kwa Escort pia, alikuwa Vic Preston mdogo, mtoto wa yule wa mwaka 1955. Mgeni alikuwa amepita mlango ambao wenyeji waliulinda kwa miaka 19.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye uzito. Escort ilishinda mara ya pili mwaka 1977, ikiwa sasa RS1800, na usukani mikononi mwa Msweden Björn Waldegård. Mvua zilinyesha sana mwaka ule, na tope lilikuwa lile lile. Lakini Waldegård hakukanyaga Tanzania. Kufikia wakati huo jina la Afrika Mashariki lilikuwa limeondolewa, yakabaki Safari Rally, na njia yake ikawa ndani ya Kenya peke yake.

Kati ya ushindi wa kwanza na wa pili, nini kilitokea? Idi Amin alikuwa amepindua serikali Uganda mwaka 1971. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia. Shirika letu la ndege la pamoja lilikufa mwanzoni mwa 1977, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Waldegård alishinda Aprili. Ilipofika katikati ya mwaka, Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa 1967, ilikwisha kuvunjika. Mpaka haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kwa maneno mengine, mashindano ya magari yalikufa kabla ya Jumuiya yenyewe, kama kuku anayekufa mapema na kumwonya mfugaji kwamba kideri kimeingia bandani.

Jumuiya imefufuliwa, kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, na wanachama wameongezeka. Waldegård mwenyewe alirudi mwaka 2007 na Escort, akashinda mashindano ya magari ya kale, miaka 30 baada ya ushindi wake wa kwanza. Safari Rally nayo ilirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, lakini ndani ya Kenya tu. Nchi moja inabeba jina ambalo zamani lilibebwa na nchi tatu. Siwalaumu Wakenya, wao walikitunza kilichobaki. Nauliza sisi tulikuwa wapi.

Lami sasa imeshuka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay, na watoto wa Mpepai wa leo hawasukumi lori kama tulivyosukuma sisi. Nafurahi kwa hilo. Lakini kila nitazamapo picha za Escort ile, imefunikwa tope hadi kwenye vioo, huwa nawatazama watu walioizunguka. Hawajulikani majina. Ni wanakijiji waliotoka mashambani, wakaweka mabega, wakasukuma gari la mgeni wasiyemjua. Hakuna aliyeuliza kwanza gari linatoka nchi gani.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.