Betri ya Droni Iliyokataa Chaji

Phantom ya kwanza, droni ya kampuni ya DJI iliyoingia sokoni mwaka 2013, haikuwa na swichi. Kuiwasha ni kuchomeka betri. Kuizima ni kuichomoa. Aliyesahau kuichomoa jioni aliikuta asubuhi imekauka kabisa, na chaja ikakataa kuipokea.

Chaja ilikuwa na haki. Seli ya ioni za lithiamu, aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991, hujaa kwenye volti 4.2. Ikishuka mno chini ya volti 3, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na kuilazimisha ipokee umeme tena kunaweza kuwasha moto. Wengi walidhani chaja imeharibika, wakakimbilia kununua nyingine. Pesa hiyo ilipotea bure.

Mwishoni mwa mwaka 2013 Phantom 2 ilileta betri yenye kitufe na taa nne, inayojilinda yenyewe. Makosa nayo yakahama. Rubani anatua, anachomoa betri ikiwa bado ya moto, anaipachika kwenye chaja papo hapo, na taa hazisogei. Dawa ni kuiweka kivulini ipoe, kisha kufuta vumbi kwenye meno ya shaba na kusukuma plagi mpaka mwisho.

Nchini Rwanda, kampuni ya Zipline ilipoanza kupeleka damu hospitalini kwa droni kutoka Muhanga mwaka 2016, kazi ya betri ilipewa utaratibu: ndege ikirudi, betri huondolewa na kuwekwa nyingine iliyokwisha kujaa.