Pima, Ambari na Pipa: Kipimo na Thamani ya Nyangumi katika Bahari ya Zenji

Atafutaye habari za kale za nyangumi katika pwani ya Malindi na Kilifi hana budi kuanza na Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari ya Zenji mwanzoni mwa karne ya 10. Katika *Muruj al-Dhahab* asimulia habari za samaki aitwaye awali, mwenye urefu wa mikono 400 hata 500, ingawa kwa kawaida ni pima 100. Kwa hesabu ya Waswahili mikono minne ni pima moja. Basi pima 100 ndizo mikono 400. Hesabu yapatana yenyewe kwa yenyewe, lakini haipatani na mnyama: mikono 400 hukaribia mita 200, na nyangumi mkubwa kuliko wote hafikii mita 35.

Je, mwandishi huyu apuuzwe? La, hasha. Afikapo kwenye biashara, usemi wake wabadilika. Asema kuwa samaki huyo humeza ambari, ikamsonga, akaelea. Ndipo Wazenji wakamwendea kwa vyombo, wakamnasa kwa kulabu na kamba, wakampasua. Ambari ya tumboni hunuka. Iliyo karibu na mgongo ni safi zaidi, kadiri ilivyokaa mwilini. Leo twajua kwamba ambari haimezwi, bali hufanyika ndani ya matumbo ya nyangumi alaye ngisi. Hata hivyo, daraja hizo za ubora ni maarifa ya wafanyabiashara, si hekaya za mabaharia.

Katika karne ya 19 mizani ya pwani ilikuwa na wakia, uzito wa reale moja ya fedha. Wakia 16 zilifanya ratili. Wakati huohuo wawinda nyangumi wa Marekani waliotia nanga Unguja walimthamini mnyama yuleyule kwa mapipa ya mafuta.

Kwa hiyo kila kipimo kilijibu swali lake: pima ilieleza mshangao, daraja za ambari zilieleza bei, pipa lilieleza faida ya meli. Mwanahistoria anayezichukua zile 400 na kuziandika kama urefu halisi amekosea swali. Siku hizi nyangumi wenye nundu wapitao Watamu, hasa kati ya Julai na Septemba, huhesabiwa wakiwa hai. Nacho ni kipimo kipya, kinachostahili kuandikiwa historia yake.